Mwambie Mimi Sipo

Mimi kukaa siwezi. Mume wangu husema hata nikila nakula kama mtu anayesubiriwa na gari, na ni kweli. Kwenye chumba cha dharura cha hospitali yetu hapa Tunduma kuna kiti kimoja cha daktari, na sijui kama nimewahi kukikalia mpaka kikapata joto. Nazunguka. Nafungua pazia, nafunga pazia, nauliza mkasi uko wapi huku nimeushika. Masista wamenizoea. Wakiniona nimetulia wananiuliza kama naumwa.

Mashine ilipokuja, ndiyo ikanizidishia. Ni altrasaundi ndogo ya kubeba mkononi. Kichwa chake kinakaribia ukubwa wa mashine ya kunyolea ya kinyozi, waya wake unaingia kwenye kishikwambi, unapaka jeli, unagusa ngozi, na kioo kinakuonyesha kilichomo ndani. Zamani mgonjwa wa ajali ilibidi asukumwe hadi chumba cha picha upande wa pili wa hospitali, akute foleni ya wajawazito, apimwe, arudishwe. Wengine hawakuwa na muda huo. Sasa picha inamfuata mgonjwa kitandani kwake. Masista waliibatiza jina siku ile ile ya kwanza, wakaiita tochi. Ukisikia mtu anapiga kelele "Leteni tochi!" ujue kuna ajali imeingia.

Nilikuwa nimetumwa Mbeya kujifunza kuitumia, na niliporudi nikapewa kazi ya kufundisha wenzangu. Kipindi hicho nilikuwa na matabibu wawili. Mmoja alikuwa dada aliyetoka Chitete, mpole, anayeandika kila ninachosema hata nikipiga chafya. Mwingine alikuwa kaka aliyetoka Galula, mikono mikubwa, lakini anaishika tochi kama anashika yai. "Kandamiza, kaka, kandamiza! Huyo ni mtu, si keki," nilikuwa namwambia. Tulifanyia mazoezi kwa yeyote aliyepita karibu. Mpishi tulimpima, fundi umeme tulimpima. Mlinzi wa getini alilala kitandani, akaangalia kioo kwa makini, akaniuliza, "Dokta, ni wa kike au wa kiume?" Nikamjibu ni ugali na maharage, tena mapacha. Alicheka hadi picha ikaharibika.

Nilichowaimbia wale wawili kila siku ni kimoja. Kwenye ajali usianze kutafuta majina makubwa ya magonjwa, tafuta weusi. Damu ikimwagika tumboni, kwenye kioo inaonekana nyeusi. Ini ni la kijivu na figo ni ya kijivu, vimelala vimegusana. Ukiona utepe mweusi umejipenyeza katikati yao, mtu huyo anavuja kwa ndani na anatakiwa chumba cha upasuaji. Haya, hilo ndilo somo lote, mengine ni mazoezi ya mkono.

Ajali ninayotaka kuisema ilitokea mchana, upepo wa hapa umeshika kasi na vumbi limeingia hadi kwenye meno. Foleni ya malori ya kuvukia Zambia ilikuwa imerudi nyuma mbali kweli. Kirikuu kimoja, kile kigari kidogo cha mizigo, kilikuwa kinatoka Ileje na magunia ya maharage, bodaboda akachomoka katikati ya malori mawili, dereva akamkwepa, kirikuu kikalala ubavu. Bodaboda mwenyewe alikwenda zake, hata shingo hakugeuza. Mungu anamwona.

Wa kwanza kufika alikuwa mzee mmoja. Aliletwa na gari la polisi na tulimsikia kabla hatujamwona. Kwenye kirikuu alikuwa amekaa mbele na dereva, na paja la kulia lilikuwa limevunjika, mguu umegeukia kusikotakiwa. Jamani, mzee yule alikuwa na sauti! Alilia kwa Kiswahili, akalia kwa Kindali cha kwao Ileje, akamwita mama yake, akamwita Yesu, akamrudia mama yake. Malori huko barabarani yanapiga honi na yeye anayashinda. Nilimpaka jeli huku amening'ang'ania mkono, nikapitisha tochi upande wa ini, upande wa bandama, chini ya moyo na juu ya kibofu. Tumbo lilikuwa safi. Tukamfunga mguu kwa mbao, nikaagiza sindano ya maumivu.

"Punguza kelele kidogo, mzee wangu, nisikie na wengine," nilimwambia.

Aliniangalia kama nimemtukana, akaongeza.

Wa pili aliletwa na bajaji, mwanamke kijana, umri wa mdogo wangu wa mwisho. Yeye alikuwa amekaa nyuma, juu ya magunia, na kirikuu kilipolala alitupwa chini. Hakuwa na jeraha la maana la kuonekana, kiwiko tu kimechubuka. Alilazwa kitanda cha jirani na mzee kwa sababu ndicho kilichokuwa kitupu, pazia moja katikati. Hakulia wala hakusema neno. Alijikunja akaelekea ukutani, kanga ameivuta hadi kichwani na kuishika kwa mikono yote miwili.

Yule dada wa Chitete alinifuata. "Dokta, huyu hajibu. Jina hasemi, anapoumwa hasemi. Labda kaumia kichwa."

Nikaenda. Kichwa hakikuwa na shida, macho yalikuwa yananifuata kila nilipokwenda. Lakini kiganja kilikuwa cha baridi na kimelowa, midomo imepauka, na mapigo ya moyo niliyoyashika mkononi mwake yalikuwa yanakimbia, membamba, ya kuponyoka. Damu ya mtu huyu ilikuwa inakwenda mahali, na nje haikuonekana. Nikapiga kelele waniletee tochi. Nikashika pindo la kanga nimfunue tumbo, loo, akaing'ang'ania kwa nguvu ambazo sikujua kama bado anazo.

"Mdogo wangu, niachie niangalie tumbo."

Akatikisa kichwa, hapana.

"Haina maumivu hii. Ni jeli tu."

Hapana.

"Una mimba? Uliona lini siku zako?"

Hapo alifumba macho kabisa, akauma mdomo. Sauti yangu ikapanda, maana mimi nikiogopa nakuwa mkali, sijui kwa nini niliumbwa hivyo. "Sasa unataka nini? Unataka ufe hapa mbele yangu mchana kweupe?" Wa Galula alinitazama kwa jicho la kuniomba nitulie, nikamtazama naye akaangalia pembeni.

Wakati huo huo mzee upande wa pili wa pazia akaachia ukelele mmoja mkubwa, na nikamwona yule binti anavyofanya. Alishtuka, akaziba mdomo wake mwenyewe kwa kanga, akageuza macho taratibu hadi kwenye uwazi mwishoni mwa pazia, upande wa miguuni. Hapo zilionekana soksi za mzee, moja ina tundu. Akaziangalia soksi zile, akajikunja zaidi.

Mimi ni mzaliwa wa Ileje. Nilijua. Nikainama hadi sikioni mwake nikamwuliza kwa Kindali kama yule mzee ni baba wa mume wake. Akaitikia kwa kichwa, mara moja tu.

Basi hapo nikaelewa kila kitu, na kuelewa hakukunisaidia hata kidogo. Nilikua nikimwona mama yangu akiacha njia na ndoo ya maji kichwani na kuingia kwenye migomba, kwa sababu babu, baba mkwe wake, anakuja kwa mbele. Alisimama humo amegeuka, maji yanamchuruzikia mgongoni, hadi babu apite. Babu naye alikohoa tangu mbali na kuangalia milima. Mkwe hali mbele ya baba mkwe, hamtaji jina, hamwonyeshi uso, na sauti yake mzee haisikii. Babu alikuwa na jina moja na mtangazaji fulani wa redio, na mama hakuwahi kulitamka hata hilo, alisema "yule wa redio". Siku hizi wengi wameacha. Mimi mwenyewe niliolewa mjini hapa, kwenye familia ya wafanyabiashara Waislamu waliotoka Kigoma, na baba mkwe wangu ananiita kutoka ng'ambo ya barabara, "Dokta, njoo unipime presha!" na tunakula sinia moja. Nilidhani mambo yale yamekwisha. Kumbe kuna nyumba bado yanashikwa vilevile, na nyumba moja ilikuwa imeniangukia chumbani kwangu.

Huyu binti hakuwa mjinga wala hakuchanganyikiwa. Alikuwa anafanya adabu. Afunuliwe tumbo, aulizwe siku zake za mwezi, na mkwe yuko hatua moja kutoka kwake anasikia kila neno! Kwake ilikuwa afadhali anyamaze.

"Msukumeni mzee atoke!" niliwaambia. Tukajaribu. Gurudumu moja la kitanda kile lina kiburi tangu lizaliwe, likakwama. Kila tulipolisukuma mguu ulitikisika, mzee akapiga kelele, na kila kelele ikamfanya binti ajikunje ukutani zaidi. Kumtoa binti ndiko kabisa kusingesaidia, kitanda chake kimebanwa na ukuta na mtungi wa oksijeni, na koridoni nako ningemfunua mbele ya watu tele, wengine ndugu zao. Nilimshika tena mkono. Mapigo yalikuwa yamezidi kwenda mbio na presha imeshuka. Niliogopa, nasema wazi. Nilimkasirikia mzee, nikaikasirikia mila, nikalikasirikia pazia, nikaikasirikia hospitali kuwa na chumba kimoja. Damu ilikuwa inamwisha mtu mbele yangu na mimi nimeshika mashine inayoweza kuniambia inatokea wapi, na siruhusiwi kuigusisha.

Sauti ikatoka nyuma ya pazia. Haikuwa ile ya kulia.

"Daktari."

"Unasemaje, mzee?"

"Yuko hapo?"

"Nani?"

"Huyo." Naye jina hakulitamka.

"Yuko."

"Ameumia?"

Uvumilivu ukaniishia. Nikafungua pazia kiasi cha kuingiza kichwa. "Anakufa, mzee. Anavuja damu tumboni na hataki nimpime kwa sababu wewe upo."

Nilijuta nilipoona uso wake. Alikuwa amelala chali, jasho linamtiririka, ndevu zake nyeupe zimejaa vumbi la barabarani. Alifumba macho kidogo. Kisha akanyoosha mkono kuelekea blanketi lililokunjwa miguuni pake.

"Nipe hilo."

"Unasikia baridi?"

"Wee mama, nipe."

Nikampa. Akalivuta mwenyewe, akajifunika tumbo, kifua, ndevu, uso, hadi nywele. Akalikunja chini ya kichwa ili lisifunuke. Soksi ile yenye tundu nayo ilifunikwa, sijui alifanyaje na mguu umevunjika. Kutoka ndani ya blanketi akaniambia, "Mwambie mimi sipo."

Na akanyamaza. Mtu aliyekuwa anashindana na honi za malori, kimya. Chumba chote kilikuwa kinamsikiliza anavyonyamaza.

Nilirudi upande wa pili nikalivuta pazia, nikaliacha wazi kidogo makusudi. Nikamwambia binti kwa Kindali, "Mzee hayupo." Akageuza kichwa. Akaliangalia lile blanketi, akaliangalia sana, nami miguu inaniwasha, nataka kumfunua kwa nguvu, nimejizuia sijui kwa uwezo gani. Kisha akaifungua kanga mwenyewe.

Jeli, tochi, upande wa kulia. Ini lilikuwa pale, figo ilikuwa pale, na katikati yao utepe mweusi. Nilihamia kushoto, nikakuta weusi umetanda kuizunguka bandama kama uji uliofurika sufuria. Nilimvuta wa Galula nikampa tochi mkononi. Unaweza kuniona mkatili. Ila kesho angerudi Galula, kwenye machimbo na pikipiki zao, na mimi nisingekuwa nyuma yake. "Kandamiza. Unaona nini?"

"Weusi, Dokta."

"Ni nini?"

"Damu."

"Basi tunafanya nini?"

"Tunakimbia," alisema, na tukakimbia.

Tulimbeba tukamlaza kwenye machela, tukapita koridoni tunapiga watu vikumbo, wa Galula anasukuma, wa Chitete ameshika dripu juu, mimi nafungua milango kwa kiuno. Nakumbuka nimegeuka mlangoni nikamwambia sista ampe mzee ile sindano. Sista akaitikia, na papo hapo akaitwa kwingine kutafuta damu ya binti. Zamu yake nayo ilikuwa inakwisha. Hayo niliyapanga kichwani baadaye.

Mlango wa upasuaji ukafungwa, nikabaki nje. Kusubiri ni adhabu ambayo sikuwahi kuizoea. Nilikwenda hadi mwisho wa ukuta, nikarudi, nikaosha mikono, nikaosha tena. Nilisoma tangazo la kunawa mikono mpaka nikaanza kutafuta makosa ya herufi. Wa Chitete alikuwa amekaa chini, hakuandika kitu. Aliniuliza, "Dokta, asingefunua je?" Nikamwambia anyamaze tafadhali. Nilikuwa nimejiuliza hilo hilo. Angekataa hadi mwisho ningemfunua kwa nguvu? Ningesubiri azimie ndiyo nimfunue? Nimewafundisha wengi tangu siku ile, na swali hilo huwa nalikwepa.

Daktari wa upasuaji alitoka ameshusha barakoa. Nilimsoma macho kabla hajasema. Bandama ilikuwa imepasuka vipande, wameitoa, damu imesimama, amepewa chupa za kutosha, presha imepanda. "Mngechelewa kidogo tu ingekuwa habari nyingine," alisema. Nilimkumbatia na gauni lake lenye damu, akasema, "Aisee, niachie nikanywe maji."

Nikaondoka mbio kumpelekea mzee habari. Nilikuwa na furaha ya kuruka. Nilikuwa nimeshaandaa maneno, nitamwambia nini, kwa namna gani, bila kumtaja binti jina. Nilipokata kona ya koridoni nikasikia kilio.

Hakikuwa kilio cha mgonjwa. Ni kile cha msiba, kina mama wamekaa chini mbele ya mlango wa chumba cha dharura, vitenge vimefungwa viunoni, mmoja anaongoza na wenzake wanapokea. Nilifikiri kuna mgonjwa mwingine ameingia. Nikapita katikati yao. Ndani nikamkuta sista wa zamu ya jioni, akanijia kwa sauti ya chini ya heshima.

"Dokta, huyu wa pale alikuwa anakusubiri umthibitishe. Nimemvutia pazia. Samahani, ndugu mmoja alichungulia kabla sijamzuia."

Sikumwelewa. Kisha nikaona. Kitanda, pazia, na mtu amefunikwa tangu utosini hadi vidoleni, hatikisiki. Hospitali yoyote ile, mtu akifunikwa hivyo kila mmoja anajua ana maana gani. Mama mmoja wa Ileje aliyekuja kumwangalia alichungulia, akaona, akatoka nje akaangua kilio, na wenzake wakamwunga mkono. Walikuwa wamelia muda wote tuliokuwa kwenye mlango wa upasuaji. Sindano ilikuwa bado iko kwenye kisahani, haijaguswa.

Nilivuta blanketi kwa mikono miwili. Nilikuwa nimeshajiandaa kwa nitakachokiona.

Mzee alikuwa ananiangalia. Macho mekundu, uso umelowa, na pembe ya blanketi iko mdomoni, ameiuma. Aliitoa kwanza, taratibu. Alinong'ona.

"Mmeshamtoa?"

"Nani, mzee?"

"Huyo. Nimesikia wanalia." Alinishika mkono. "Ni mke wa mwanangu wa pekee. Nilinyamaza, daktari. Sikusema hata neno. Kwani alijua nipo?"

Niliinama nikamshika uso, mimi mtoto wa Ileje nikamshika mzee wa Ileje uso. "Baba, mkwe wako mzima. Tumempasua, damu imesimama, anapumua mwenyewe."

"Sasa wanamlilia nani?"

"Wanakulilia wewe."

Hakucheka. Alitazama dari, akatazama pazia, akatazama kwenye uwazi wake kitanda cha jirani kilichokuwa kitupu tangu mchana, na hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba ni kitupu.

"Hayupo hapa?"

"Hayupo. Yuko upande wa pili kabisa wa hospitali."

"Hanisikii?"

"Hakusikii, baba."

Basi akafungua mdomo, akalia mguu wake, akamwita mama yake, akamwita Yesu, sauti imetoka kifuani yote, na huko nje wale kina mama wakanyamaza kwa pamoja.